Kuzilinda na Kutu Bolti za Injini ya Motokaa ya Kale

Bolti iliyosafishwa hushikwa na kutu upesi kuliko bolti iliyoachwa na uchafu wake. Jambo hili huwashangaza wengi waanzao kazi ya kuifufua motokaa ya zamani. Mtu hushinda kutwa nzima akisugua bolti za injini kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa kama fedha, akazipanga juu ya meza kwa furaha, na asubuhi yake akazikuta zimeanza kugeuka rangi ya machungwa. Hakuna aliyezimwagia maji usiku. Lakini ule uchafu alioutoa ulikuwa mchanganyiko wa mafuta yaliyoganda, masizi, na mabaki ya rangi au zinki ya kiwandani, na vyote hivyo vilikuwa kama nguo ya chuma. Sasa chuma ki uchi mbele ya hewa, na hewa ina vitu viwili vipendwavyo na kutu, yaani oksijeni na unyevu.

Basi somo letu la leo si la kusafisha bolti tu. Ni la muda ulio baina ya siku ya kuisafisha na siku ya kuirudisha katika injini, muda ambao katika kazi hizi waweza kuwa wiki mbili au miaka miwili, kwa kadiri ya fedha na subira ya mwenye gari.

Huenda msomaji akauliza: Kwa nini taabu yote hii, na bolti mpya zauzwa madukani? Swali hili ni la haki, na jibu lake limo katika hesi, yaani ile mizunguko ya meno iliyochongwa katika mwili wa bolti. Mwaka 1841 fundi Mwingereza Joseph Whitworth alitoa shauri kwamba hesi zote zichongwe kwa kipimo kimoja, na pembe ya meno iwe digrii 55. Kutokana na kipimo hicho pakatokea mwaka 1908 hesi nyembamba ya Kiingereza, ambayo ilitumiwa sana katika motokaa za nchi ile. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya hesi nyingine ya pamoja yenye pembe ya digrii 60, na viwanda vikahamia huko pole pole. Baadaye likaja badiliko la kutumia milimita, ambalo ndilo tulionalo madukani leo.

Sasa tazama hatari iliyopo. Land Rover za kwanza, ambazo zilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza huko Amsterdam mwezi wa Aprili mwaka 1948, zilifungwa kwa bolti nyingi za hesi ile nyembamba ya Kiingereza. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94. Bolti ya milimita 8 ina unene ambao jicho haliwezi kuutofautisha na huo. Lakini ile ya kwanza ina meno 22 katika kila inchi, na ya pili ina kama 20 tu, na pembe za meno yao hazilingani. Fundi asiyejua huichukua bolti mpya ya milimita aliyoipata katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road mjini Nairobi, akaitia tunduni, ikaingia mizunguko miwili mitatu kwa ulaini, kisha ikakaza. Yeye hudhani ni uchafu, akaongeza nguvu ya spana. Hapo meno yaliyo katika mwili wa injini hukatika, na injini iliyodumu miaka zaidi ya sabini imeharibiwa kwa kitu cha thamani ndogo sana. Bolti za hesi ya kale hupatikana, lakini mara nyingi kwa kuagizwa kwa wauzaji wachache walioko Uingereza. Kwa hiyo bolti ya asili iliyo nzima ni mali, na yapasa kutunzwa kama mali.

Tena kuna jambo la nguvu. Katika vichwa vya bolti nyingi pana alama. Ya milimita huandikwa tarakimu, mathalan 8.8, maana yake ni kwamba chuma chake hakikatiki mpaka kivutwe kwa nguvu ya nyutoni 800 hivi kwa kila milimita ya mraba. Zile zilizofuata kipimo cha Kimarekani huwekwa mistari: mitatu kwa zenye nguvu ya kadiri, sita kwa zenye nguvu zaidi. Bolti isiyo na alama yoyote, iliyonunuliwa bila kujua itokako, haifai kushika kitu kizito ndani ya injini hata ikiwa inameremeta namna gani.

Kabla ya maji na siki

Usizitupe bolti zote katika debe moja. Chukua kipande cha karatasi ngumu ya boksi, uchore juu yake umbo la sehemu uifunguayo, utoboe matundu, na kila bolti uichomeke mahali pake. Utagundua kwamba bolti za sehemu moja hazina urefu mmoja, na bolti ndefu ikiingizwa katika tundu la bolti fupi yaweza kutoboa mahali pasipopaswa kutobolewa. Lakini boksi hilo ni la ramani tu. Karatasi hunywa unyevu wa hewa na kuushikilia kando ya chuma, kwa hiyo bolti iliyokwisha kusafishwa isilale humo.

Chunguza rangi kabla ya kusugua. Bolti nyingi za miaka ile zilipakwa kadimiamu, madini meupe ya kijivu ambayo pengine hutiwa rangi ya dhahabu. Kadimiamu huzuia kutu vizuri sana, lakini vumbi lake na moshi wake ni sumu ya mapafu na mafigo. Ukiona ngozi ya namna hiyo imekaa imara, usiisugue kwa gurudumu la waya wala kuichoma motoni. Ioshe kwa mafuta ya taa na brashi laini, uifute, uipake mafuta safi, basi. Ngozi hiyo bado yaifanya kazi iliyowekewa.

Bolti iliyoliwa na kutu hasa huoshwa kwanza kwa mafuta ya taa ili grisi yote itoke, kwa maana siki au dawa nyingine ya kutu haiwezi kupenya grisi. Kisha mafundi wengi huilaza katika siki usiku kucha. Siki huiyeyusha kutu kweli, lakini ina mambo mawili ambayo yapasa kujulikana.

La kwanza ni kwamba asidi yake hubaki katika mabonde ya hesi hata baada ya bolti kusuuzwa, na huko huendelea kula. Dawa yake ni magadi. Vijiko viwili vya magadi katika lita moja ya maji ya moto vyatosha kuua ukali wa siki, na bolti ikitumbukizwa humo na kusuguliwa kwa mswaki wa zamani itakuwa salama. Wakenya tu karibu na chimbuko lake, kwa kuwa Ziwa Magadi limechimbwa kwa biashara tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini. Ila magadi mabichi ya ziwani yana chumvi ya kawaida ndani yake, na chumvi ni rafiki mkubwa wa kutu. Kwa hiyo baada ya magadi, suuza kwa maji safi mara mbili. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza ni bora kuliko maji ya kisima yenye chumvichumvi.

La pili ni zito zaidi. Asidi ikigusa chuma hutoa hewa iitwayo haidrojeni. Chembe za hewa hiyo ni ndogo mno, na baadhi yake huingia ndani ya chuma chenyewe. Katika bolti laini hazidhuru sana. Lakini katika bolti ngumu, kama zile za 10.9 na zaidi, au zenye mistari sita, huzifanya ziwe kama kioo. Bolti hiyo hukazwa vizuri, ikakaa saa kadhaa au siku kadhaa, kisha ikakatika ghafula bila kutoa dalili. Kwa sababu hiyo bolti ngumu zisitiwe katika asidi kali hata kidogo, na hasa bolti za konrodi. Injini ikikimbia mizunguko elfu nne kwa dakika na bolti moja ya konrodi ikakatika, konrodi hutoka kwa kupasua ubavu wa injini, na hapo hakuna la kutengeneza. Bolti hizo huoshwa kwa mafuta ya taa na kitambaa tu, maana ziliishi ndani ya mafuta na kwa kawaida hazina kutu. Zikiwa na mashimo ya kutu, hata madogo, hazirudi kazini, ziwe za asili au zisiwe za asili. Mapenzi ya vitu vya kale yana mpaka wake.

Wako pia watumiao umeme wa betri, wakiilaza bolti katika maji ya magadi na kuiunganisha na ncha ya kutoa. Njia hiyo nayo huleta haidrojeni, basi onyo ni lile lile. Kazi hiyo ifanyiwe nje penye upepo, mbali na moto, kwa kuwa hewa hiyo hulipuka. Na kile chuma cha pili kitiwacho majini kisiwe chuma cha pua, maana hutoa sumu ya kromiamu ndani ya maji.

Dakika kumi zilizo na hatari

Bolti ikitoka katika maji ya kusuuzia, haina muda. Chuma kilicho uchi na chenye maji chaweza kubadilika rangi kabla hujamaliza kikombe cha chai. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika, kwa kuwa fundi huziacha bolti juani akitumaini jua litazikausha. Jua hukausha uso, lakini maji yaliyomo ndani ya hesi na chini ya kichwa hukaa, na yanapokauka yamekwisha kuacha alama.

Njia iliyo bora ni kusuuza kwa maji yanayochemka. Tia bolti chache katika chujio la waya, uzitumbukize katika sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika mbili, ili chuma chenyewe kipate joto. Ukizitoa na kuzikung'uta, joto lililomo ndani litayafukuza maji yaliyobaki kwa nusu dakika. Mara moja, zingali na moto kiasi cha kutoshikika kwa vidole, zitie katika mafuta. Mafuta huingia mahali maji yalipotoka, na hewa haipati nafasi. Kama huna nafasi ya kuchemsha, futa kwa kitambaa kikavu, kisha uzitikise katika mafuta ya taa safi, ambayo huyasukuma maji kando, halafu ndipo uzitie katika mafuta mazito.

Usiziweke juu ya makaa ili zikauke. Bolti ya injini ilipata nguvu yake kwa kupashwa moto na kupozwa kiwandani kwa kipimo maalumu, na mtu akiipasha mpaka ikawa nyekundu amekwisha kuirudisha kuwa kama msumari.

Wala usizishike kwa mkono mtupu baada ya hapo. Jasho lina chumvi. Alama ya kidole juu ya chuma kilichosafishwa huonekana baada ya siku chache, imechorwa kwa kutu, kila mstari wa ngozi ukiwa mahali pake.

Mafuta gani?

Mafuta mapya mepesi ya injini hufaa kwa miezi michache ndani ya nyumba kavu. Mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka injini nyingine, ambayo hupendwa kwa kuwa ni ya bure, hayafai: yana asidi na maji yaliyotokana na kuungua, na yana vitu viletavyo ugonjwa wa saratani yakigusa ngozi kwa muda mrefu. Mafuta ya kupikia nayo hayafai. Mwanzoni huonekana mazuri, lakini baada ya miezi huganda kama gundi, na yakichacha huwa na ukali wa asidi. Afadhali zaidi kwa kulaza bolti muda mrefu ni mafuta yatokayo katika manyoya ya kondoo, yaitwayo lanolini. Huyeyushwa katika dawa ya kupunguzia rangi, na bolti ikichovywa humo na kuning'inizwa, dawa huruka na kuacha ngozi nyembamba ya nta isiyochuruzika.

Baada ya kupakwa, kila fungu la bolti lifungwe katika karatasi iliyolowa mafuta, liwekwe katika mkebe wenye kifuniko kinachobana. Andika jina la mahali pake kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, maana wino huyeyuka katika mafuta. Au kwaruza jina kwa msumari juu ya kipande cha bati, ukitie ndani ya mkebe. Usiufunge mkebe asubuhi yenye ukungu, kwa kuwa utafungia unyevu ndani. Katika nchi za juu, kama Limuru au Nyahururu, usiku wa baridi ukifuatwa na asubuhi ya joto huvifanya vyuma vyote vilivyo chini ya paa la mabati vitoe umande, na ndugu zetu wa Mombasa wanajua wenyewe hewa ya bahari iletavyo chumvi hata ndani ya kabati. Fungua mkebe kila baada ya miezi mitatu hivi, utazame, na ukiona mafuta yamekauka, ongeza.

Ngozi ya kudumu

Mafuta hulinda bolti katika mkebe. Juu ya injini yenye moto na vumbi na maji ya barabarani, vichwa vya bolti vyahitaji kinga nyingine, na mwenye gari yampasa kuchagua.

Kupaka zinki kwa umeme ndiko kunakojulikana zaidi. Zinki huliwa na hewa kabla ya chuma, ikawa kama mlinzi anayepigwa ili mwenye nyumba asiguswe, na ni sababu hiyo hiyo inayofanya mabati yadumu. Kwa bolti ngozi yake huwa ya milimita 0.005 hadi 0.008 tu. Asikudanganye mtu ukazichovye bolti katika zinki iliyoyeyushwa kama ifanywavyo kwa vyuma vya majengo: ngozi hiyo ni nene mara nyingi zaidi, na nati haitapita tena juu ya hesi. Na kwa bolti ngumu, mwambie mpakaji azitie katika joko lenye joto la digrii 190 hadi 220 kwa saa kadhaa mara tu baada ya kupaka, ili haidrojeni itoke. Mpakaji asiyejua habari hiyo, mnyang'anye bolti zako kwa adabu uende kwingine.

Lakini bolti nyingi za injini za zamani hazikuwa za kung'aa. Zilikuwa nyeusi au kijivu cheusi. Gari likitayarishwa kwa maonyesho, kama yale ya umaridadi wa motokaa ambayo yalianza kufanywa Nairobi mwaka 1970, jicho la mjuzi huona mara moja injini ya mwaka 1950 iliyovalishwa bolti nyeupe kama vijiko vya harusini. Weusi ule mara nyingi ni ngozi ya fosfeti, ipatikanayo kwa kuchemsha bolti katika dawa yenye asidi ya fosfori na manganisi au zinki, kwa joto lililo karibu na kuchemka. Mtengenezaji wa dawa hiyo hakosi kuandika maagizo, na la kwanza ni kwamba asidi humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Ngozi ya fosfeti peke yake ni kinga dhaifu. Nguvu yake ni kwamba ina vitundu vidogo sana ambavyo hunywa mafuta na kuyashika, basi ikiachwa bila mafuta ni kama utambi usio na taa.

Rangi ya kupaka hufaa juu ya kichwa tu, tena baada ya bolti kukazwa. Rangi katika hesi au chini ya kichwa hupondeka injini ipatapo moto, na bolti hulegea.

Siku ya kuzirudisha

Kwanza futa mafuta mazito yote ya kulalia. Kisha chungulia kila tundu la injini. Matundu mengine hayatoki upande wa pili, na kama ndani yake mna mafuta au maji, bolti inaposhuka huyabana. Kimiminiko hakikubali kubanwa, nacho hutafuta njia kwa kupasua chuma. Matundu hayo yapulizwe kwa hewa mpaka yakauke, na mafuta yapakwe juu ya bolti, kidogo, si kumiminwa tunduni.

Tena soma kitabu cha gari kuona kama kipimo cha kukaza kimetolewa kwa hesi kavu au zenye mafuta. Hili si jambo dogo. Katika kila sehemu mia za nguvu uitiayo katika spana, kama hamsini humezwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti, kama arobaini humezwa katika hesi, na kumi tu ndizo huinyosha bolti na kubana kitu. Ukipaka mafuta mahali palipotakiwa pakavu, msuguano hupungua, na zile kumi huwa kumi na tano au zaidi. Bolti huvutwa kupita kiasi ilhali mshale wa spana waonyesha kipimo sahihi.

Bolti zinazoingia katika alumini zahitaji grisi nyembamba au lanolini katika hesi, kwa kuwa chuma na alumini vikikutana penye maji hulana. Zile za bomba la moshi ni za namna yake. Mafuta huungua huko, na zinki huyeyuka ifikapo digrii 419. Kwao hutumiwa grisi yenye unga wa shaba nyekundu, na nati za shaba ya manjano, ambazo hazigandani na kutu ya chuma hata baada ya miaka mingi. Injini ikisha kuwashwa na kupoa mara ya kwanza, pitia vichwa vyote kwa kitambaa chenye nta kidogo, hasa pembe zilizokwaruzwa na spana, kwa maana hapo ndipo ngozi ya kinga imetoboka.